Fundi Sultani na Tone la Mkwewe

Ukipita Masasi ukamwona mtu amelala kifudifudi juu ya paa la nyumba ya wageni, sikio kalibandika kwenye tangi kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa, usimpigie kelele. Huyo ni Sultani, mtoto wa dada yangu. Akili hiyo ameitoa kwangu. Mama yake alimzaa, sikatai, lakini kwetu mtoto ni wa mjomba, na kila jema alilonalo limepitia kwangu. Mabaya kaulizeni upande wa baba yake.

Kazi yake ni maji ya moto. Watu wakisikia hucheka. Masasi hii, ambako mchana ukifungua bomba maji yanakuja yameshaiva yenyewe, nani atamwita fundi ampashie maji? Hata mimi nilicheka, na mimi sicheki ovyo. Lakini nenda kwenye nyumba za wageni, nenda jikoni kwa shule za bweni, nenda kwenye vyumba vya kufulia vya hospitali, nenda kwa wastaafu wenye magoti mabovu. Kote utakuta boila, la kuni au la umeme, au yale mabomba ya jua juu ya bati. Na vyote hivyo huugua. Maji ya visima vyetu yana chokaa. Yakichemka kila siku, tangi hushika ukoko kwa ndani kama sufuria ya wali, mwishowe unachoma kuni kuupasha ukoko moto, maji yenyewe yakibaki vuguvugu. Sultani hugonga tangi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Huyu ameshiba mawe." Kisha anafungua na kuanza kukwangua.

Kwake boila ni mtu. Husema nalo kuliko anavyosema na sisi. Ni mpole mno, kijana wangu. Ufundi aliupata Ndanda, kwenye karakana ya misheni, akarudi anajua kuchomelea, anajua kuunga mabomba, na ana tabia ya kunawa mikono kabla ya kushika spana. Hilo la mwisho mpaka leo sijui linasaidia nini.

Akaoa Newala. Hapo ndipo hadithi ilipo, kaa vizuri.

Newala ni mji wa juu. Ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, limejaa maji usiyoweza kuyanywa ila kwa macho. Kule juu hakuna maji ya kuchezea. Mvua ikinyesha kila bati lina mfereji wake na kila mfereji una pipa lake, na mtu akikukaribisha kwa glasi ya maji, shukuru kama umechinjiwa. Sasa fikiria fundi ambaye kazi yake ni kumwaga tangi zima ili akwangue ukoko. Mara ya kwanza alipomwaga maji ya boila chini, jirani mmoja alimtazama kama mtu anayemwaga unga. Toka siku hiyo Sultani akifika Newala hutangaza kwanza. Kina mama wanakuja na ndoo, mabeseni, madumu, wanapanga foleni nyuma ya nyumba, naye anawafungulia koki mmoja mmoja. Maji yenyewe ya kahawia, yana vumbi la chokaa, lakini kwa kufulia na kwa kukandika ukuta hayana ubaya. Nimeshuhudia wanawake wakigombania uchafu wa boila. Masasi ukiwaeleza hawaamini.

Nyumba aliyooa ni ya Mama Faidha. Mjane, mfupi, anachechemea mguu wa kushoto, na macho yake yakikutulia unakumbuka madeni ya babu yako. Kwa mikorosho yake alijenga nyumba ya wageni ya vyumba vinane, na bintiye Faidha, mke wa Sultani, ndiye anayeiendesha. Newala mwezi wa saba ni baridi. Ukungu unapanda kutoka bondeni asubuhi, mgeni anatoka chumbani kajifunga shuka kama maiti aliyebadili mawazo. Kwa hiyo Sultani alimchomelea mkwewe boila la kuni, akalijengea kibanda nyuma ya nyumba, na sifa ya nyumba ile ikawa maji ya moto.

Sasa hapa nakuomba unielewe, maana bila hapa hutaelewa kitu. Maji yakipata moto huvimba. Kwenye bomba la kuingiza maji baridi kuna kizuizi, maji yakishaingia hayarudi. Basi yale yaliyozidi yatatokea wapi? Ubavuni mwa boila kuna kitu kidogo cha shaba, mafundi wanakiita sefti. Nguvu ikizidi ndani, sefti inajifungua kidogo na kudondosha. Tone, tone, tone, kila moto ukiwashwa. Sultani husema hiyo ndiyo pumzi ya boila. Ukiiziba, umemfunika mtu mto usoni huku unamchochea moto chini.

Na Mama Faidha hakuweza kuvumilia lile tone.

Mwanzo aliweka kikombe. Kikombe kikawa kinajaa na kumwagika wakati yeye yuko shambani. Akaweka sahani, kuku wakayanywa maji. Mwishowe alichonga kigingi cha mkorosho, akakizungushia kipande cha mfuko wa nailoni, akakipigilia kwenye mdomo wa sefti mpaka tone likanyamaza. Kazi safi kabisa, hata seremala asingeisema.

Sultani alipokuja akakikuta. Akakitoa hapo hapo. Lakini hakuweza kumwambia. Nyie vijana wa siku hizi mnakaa sebuleni na mkweo mnatazama tamthilia, mnagombania rimoti. Kwa Mama Faidha hakuna hayo. Mkwe wa kike hatazamwi usoni, hakosolewi, na kumgusa usithubutu hata ndotoni. Wakikutana njiani Sultani huingia majanini mpaka mama apite. Wakiwa na neno, husema kwa mwingine, naye aliyekusudiwa anasikia kama hasikii. Na Faidha alipomweleza mama yake, aliambiwa, "Wewe nimekuzaa mimi, leo unanifundisha maji?"

Basi Sultani akawa anamsemesha boila. Anasubiri mama awe anapeta mchele karibu, halafu anaanza.

"Ewe boila," anasema, "nakuhurumia. Waliokuziba mdomo hawajui kwamba utapasuka."

Mama Faidha naye anamjibu kuku. "Ewe kuku, sikia. Kuna watu waliokulia karibu na bomba."

Akitoka tu Sultani kwenda kazini Masasi, kigingi kinarudi. Akija anakitoa. Alikiondoa na kwenda nacho, mama akachonga kingine. Mikorosho kule haiishi.

Mwishowe kijana akanijia. "Mjomba," akasema, "wewe ndiye uliyeniposea. Kaseme naye. Yule mama anapenda kuegemea ukuta wa kile kibanda asubuhi, mguu wake unapata joto. Siku likipasuka, litampasukia mgongoni."

Nikamwambia umefika kwa mwenyewe. Mimi kwa maneno nimewahi kumshawishi mgambo anirudishie baiskeli na kunisukuma mlimani. Nikavaa kanzu yangu ya Idi nikapanda Newala.

"Shikamoo mama," nikamwambia, ingawa huenda mimi ndiye mkubwa. Heshima ni mtego mzuri.

"Marahaba. Bwana Abuu, umekuja kuposa tena? Sina binti mwingine."

"Nikija kuposa safari hii nitakuposa wewe."

"Meno ya kutafunia mahari yako umeyaacha wapi?"

Tulianza vizuri, kama unavyoona. Nikamweleza habari ya maji kuvimba, nikamweleza habari ya pumzi, nikaongeza na mambo ya injini za meli ambazo sijawahi kuziona. Nilisema maneno mazuri mpaka mimi mwenyewe nikaguswa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mguu wake wa kushoto juu ya mkeka.

"Unauona huu?"

"Nauona, mama."

"Nilikuwa mwari, nimetoka unyagoni siku hizo hizo. Tulikuwa tunashuka bondeni jogoo hajawika, tunangoja kisima kijae, tunapanda na jua. Mtungi kichwani. Pale juu kabisa, ambapo unaona nyumba zetu, jiwe likateleza chini ya mguu nikaanguka. Mfupa ulitokeza nje. Wenzangu wananishika mguu, mimi nalia maji. Mtungi ulimeguka mdomo tu, lakini maji yote yalikwenda. Nikayaona yanaingia kwenye mchanga." Akaurudisha mguu ndani ya kanga. "Mama yangu siku ile alipika kwa maji ya kuazima. Sasa wewe na mtoto wako mnaniambia nikae nitazame maji yanaanguka chini kila asubuhi, eti ndiyo usalama."

Sikuwa na neno. Andikeni hiyo, maana haitatokea tena.

Nilipoaga akasema, "Nimesikia, Bwana Abuu." Nikashuka Masasi nikamwambia Sultani mambo yamekwisha, mkweo amesikia. Ndugu yangu, kusikia ni kazi ya sikio. Mkono ulikuwa bado na shoka.

Mwezi wa saba kukawa na harusi Newala, nyumba ikajaa wageni. Mimi pia nilikuwepo, kwani harusi bila mimi ni mkutano tu. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, mtu hamwoni anayemsalimia. Faidha aliamka akawasha boila, akasheheneza kuni za mkorosho, maana vyumba vyote vinane vilitaka kuoga kabla ya kwenda kwa bibi harusi. Kisha akaenda sokoni kununua maandazi. Wageni walikuwa bado wamejikunja vitandani, hakuna aliyefungua bomba.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza na chai yangu. Mama Faidha alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, mgongo kwenye ukuta wa kibanda, amefumba macho kwa raha ya joto. Ndipo Sultani akaingia na pikipiki kutoka Masasi, amelowa umande mpaka kope. Akazima injini. Akatuamkia kwa mbali. Halafu akasimama kama mtu aliyeitwa jina.

"Mjomba," akaniambia polepole, "husikii kitu?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hilo."

Moto unanguruma na tone halidondoki. Nikamwona anasogea, anainama, anatazama ubavuni mwa boila. Kigingi kipo, kipya, kimepigiliwa hasa. Na ndani ya tangi kulikuwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Aligeuza uso pembeni, mkwe asimwone anamtazama. "Ewe boila," akasema, "aliyekuegemea aondoke. Aondoke sasa hivi."

Mama Faidha hakufumbua macho. "Ewe kuku," akasema, "leo wameanza mapema."

"Mama, nyanyuka," nikasema mimi.

"Kunywa chai yako, Bwana Abuu."

Sauti ya kusaga ikapanda. Sultani alinitazama mimi, akatazama mlangoni, Faidha hayupo, akatazama mikono yake. Najua alichokuwa anakipima, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Kisha akapiga hatua, akainama, akamwingiza mkwewe mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akambeba. Mama Faidha alitoa ukelele uliofungua milango yote minane. Wageni wakatoka na mashuka yao, wakamwona mkwe wa kiume anakatiza uani amempakata mama mkwe kifuani kama bibi harusi mwenyewe. Akamweka mapajani mwangu, chai yangu ikamwagika, akarudi mbio.

Akapita kwanza bafu la mbali akafungua bomba la maji ya moto kwa kutumia ufagio, amejitenga, ili nguvu ipate pa kutokea. Ule mvuke uliotoka pale ulipiga dari. Akafungua la pili, la tatu. Ndipo akaenda na koleo, akavuta kuni zote kutoka chini ya boila akazitawanya uani. Ile sauti ikashuka, ikashuka, ikanyamaza. Muda wote huo watu walikuwa wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyeelewa kilichokuwa kinatokea. Walichokiona ni aibu tu, na aibu haihitaji fundi wa kuieleza.

Mama Faidha alijinasua kwangu, akajifunga kanga vizuri, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Harusi hakwenda. Faidha aliporudi na maandazi akagonga, akajibiwa kwa neno moja: yule mtu asikanyage tena uwanja huu.

Sultani alikuwa amekaa juu ya pikipiki, hakuiwasha. "Mjomba, nimevunja nyumba yangu," akasema. "Faidha atachagua nini? Hawezi kumwacha mama yake."

"Ungemwacha akae pale?"

"Nisingemwacha."

"Basi unalia nini?"

"Nalia kwa sababu ni mwepesi," akasema. "Nimembeba, mjomba. Ni mwepesi kama ndoo tupu. Mtu yule anatutisha sote, kumbe hana kitu ndani ya kanga."

Boila lilipopoa tulitoa kigingi, nikaona jambo nikaita watu wote waje waone. Bati la tangi lilikuwa limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Upande mmoja tu. Ule wa ukuta wenye mkeka.

Nikachukua kigingi nikaenda kugonga kwa Mama Faidha. Safari hii sikuvaa kanzu wala sikusema habari za meli. Akafungua, akakaa, nikakiweka kile kigingi juu ya mkeka mbele yake. Kichwa kilikuwa kimepasuka, na ile nailoni imeyeyuka imekuwa kama nta.

"Ni changu," akasema.

"Ni chako, mama."

Akakigeuza. "Tangi limevimba upande gani?"

"Upande wa mgongo wako."

Nje watu walikuwa wanarudi kutoka kwenye nikahi wanaimba. Halafu akauliza, akitazama ukutani, "Yule mtu amesema mimi ni mzito?"

"Amesema umekuwa mwepesi mno. Imemuuma."

Akashika kanga akajifuta pua. "Mwambie mwepesi ni yeye, akili." Lakini sauti ilikuwa imelegea. Akaongeza, "Na mwambie mimi sikukusudia kumwua mtu. Nilikuwa nazuia maji."

"Anajua."

"Anajua, lakini mwambie."

Nilimwambia. Desturi ikafuata mkondo wake: nilipeleka kuku mweupe na kanga mpya ili kufuta ile aibu ya kubebwa, na maneno ya kuombea msamaha niliyatunga mimi, watu wanayakumbuka mpaka leo. Mama Faidha alipokea kanga. Kuku akamrudisha, akasema ni mwembamba, tumletee mwingine. Kwa huyo wa pili hakusema kitu, na kwetu hiyo ni ndiyo.

Sultani akachomelea tangi jipya. Kwenye sefti akaunga bomba fupi akalipinda kiwiko, likatazama chini. Kisha akaenda nyuma ya jiko, mahali Faidha anapotupa vyungu vibovu, akarudi na mtungi wa zamani wa udongo, mweusi, uliomeguka mdomo. Hakuna aliyemwonyesha. Nilimsimulia mimi habari za bondeni, kumbe alikuwa ananisikiliza, na mimi nilidhani analala. Akauosha, akauweka chini ya lile bomba, akaacha nafasi ya vidole vinne kati ya mdomo wa bomba na mdomo wa mtungi ili pumzi isizibwe. Mkeka wa mama akauhamishia ukuta wa pili, pembeni, ambapo joto la bomba la moshi linafika bila hatari.

Asubuhi moto ulipowashwa, tone likaanza kuanguka mtungini. Lilikuwa linatoa sauti. Mama Faidha akatoka, akachechemea mpaka pale, akatazama mtungi wake. Alitia kidole kwenye ule umeguko wa mdomo. Akakaa.

Toka siku hiyo yeye ndiye mlinzi. Maji ya mtungi ule hayaguswi na mtu, anapikia chai mwenyewe. Anajua tone la asubuhi linavyokwenda, anajua la jioni. Likizidi kasi, likichelewa, anamwita Faidha, na Faidha anapiga simu Masasi.

Mwezi uliopita simu ilikuja nikiwepo. "Mama anasema tone limebadilika," Faidha akasema. Sultani aliacha kazi ya watu nusu, akawasha pikipiki, mimi nikapanda nyuma, kwani fundi mkubwa haendi bila msimamizi. Tulifika tumejaa vumbi. Alinawa mikono, akaweka kiganja kwenye tangi, akainama, akasikiliza. Akaangalia sefti. Akarudi kusikiliza tena.

"Ewe boila," akasema, "mbona wewe ni mzima?"

Mama Faidha alikuwa kwenye mkeka wake anapeta mchele, kawapa mgongo wote wawili, boila na fundi.

"Ewe mtungi," akasema, "mwambie aliyekuja kwamba mtu hachunguzi maboila na njaa."

Kando ya mtungi kulikuwa na sinia limefunikwa kawa. Sultani akafunua: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na paja la kuku. Sinia la mtu mmoja. Nilizunguka uani kote nikitafuta langu.

"Mama," nikasema, "mbona mimi sijaona kitu?"

"Bwana Abuu," akasema, bila kugeuka, "wewe umekuja kutengeneza nini?"